Farasi anangojewa mwaka muzima, mufanyakazi je?

Wasomaji wamoja watacheka kuona neno farasi katika ukurasa huu. Tunajua. Katika Katanga yetu farasi ni munyama wa kutazama kwa mbali, nyuma ya lupango ya watu wenye makuta. Watoto wa kampi wanamujua kwa televizyo. Hata zamani hii haikuwa inchi yake: inzi wa tse-tse, ule wa ugonjwa wa kulala, alikuwa anaua farasi mbele azoee majani ya hapa. Kwa hiyo mbele treni ifike Elisabethville, mwaka 1910, muzigo ulipita juu ya kichwa na mabega ya watu. Na ilibakia vile. Kazi ambayo inchi zingine zilimupa farasi, kwetu ilipewa mutu. Muangalie kijana anayepanda kutoka shimoni na mufuko wa mawe mugongoni. Muangalie ule anayesukuma kinga yenye mifuko ya makala, kilometa na kilometa, na kandambili. Kama kuko mutu anayeweza kujifunza kitu kwa farasi aliyeumia muguu, ni ule.

Tena farasi haiko mugeni wa mugodi. Kule Uingereza, Ubelgiji na Ufaransa, farasi walishushwa chini ya udongo kuvuta mawagoni ya makaa ya mawe. Uingereza peke yake ilikuwa nao karibu 70.000 mwaka 1913. Na miaka mbili mbele ya pale, sheria ya migodi ya makaa ya mwaka 1911 ilikuwa imeandika mambo ambayo inafaa tuyasome polepole: kila farasi 15 wawe na mulinzi wao mumoja anayejua kazi, wachunguzwe kila siku, na farasi mwenye hali isiyofaa kazi asitumikishwe. Mulinzi mumoja kwa farasi 15! Kuko ekipe ngapi za wafanyakazi 15, leo, zenye mutu mumoja ambaye kazi yake ni kuuliza asubui: miguu inaendelea namna gani?

Lakini hatuandike hii kwa kulia. Tunaandika juu ya mushipa.

Waganga wa wanyama wanajua jambo moja juu ya mushipa wa farasi ambalo sisi, katika kampi na katika cité, hatulijue, ao tunalijua na tunalizarau. Ni hili: mushipa unaacha kuuma mbele upone. Mbele sana. Miezi mingi mbele.

Tunaposema mushipa, hatuseme mushipa wa damu. Tunasema ile kamba nyeupe, ngumu, inayofunga nyama ya mwili kwenye mufupa, ile Wafaransa wanaita tendon na watu wa pwani wanaita kano. Ukikata muguu wa ng'ombe kwa kupika unaiona: kisu kinateleza juu yake. Kwako mwenyewe, shika nyuma ya kisigino, juu kidogo. Ile kamba nene ni yenyewe, na ni nene kuliko zote za mwili.

Kwa farasi, ule unaoumia zaidi uko nyuma ya muguu wa mbele, katikati ya goti na kifundo. Kuanzia goti kushuka chini, farasi hana nyama: ni mufupa, mishipa na ngozi. Kilo 500 za mwili, zikikimbia, zinaangukia juu ya hizo kamba. Mushipa unavutika sawa mupira, kisha unarudia na kumurusha farasi mbele. Njo siri ya mbio yake. Lakini wakati anakimbia kwa nguvu yote, mushipa unavutika karibu na mupaka wake wa kukatika, na ndani yake moto unapanda hata digri 45. Farasi wa mashindano anaishi na hiyo kazi. Nyuzi za ndani zinachoka moja moja, pasipo mutu kuona kitu inje. Kisha siku moja tundu linafunguka katikati ya kamba.

Watu wa Kipushi, na wa kila fasi ambako kuko mashini ya kushusha watu shimoni, wanajua hii hesabu. Kamba ya chuma haianze kukatika siku ambayo inakatika. Nyuzi zinatangulia moja moja, njo maana kuko mutu wa kuipima na kuandika mu buku. Nani anapima mushipa wa bega la mutu anayeshika mashini ya kutoboa mawe siku nzima?

Farasi akiumia, kwa macho hakuna kitu kikubwa. Ukimupapasa muguu, una moto kidogo. Unavimba, na ukiutazama kwa pembeni mushipa unajikunja inje sawa upinde. Anachechemea siku chache. Wengine hawachechemee hata. Nyuma ya juma mbili ao tatu anatembea muzuri, na kama unamuacha, atakimbia. Mwenye farasi asiye na akili anasema: amepona. Anamurudisha kwa mbio, kamba inapasuka tena, safari hii zaidi, na farasi anaenda kuuzwa.

Mwenye akili anafanya namna ingine. Siku za kwanza ni maji baridi ao barafu, dakika 15 mupaka 20, mara kadhaa kwa siku. Bandeji ya kukaza pasipo kunyonga. Dawa ya kupunguza uvimbe. Na farasi anabaki ndani ya chumba chake. Kisha munganga anakuja na mashini ya ekografi, ile ile ambayo mama zetu wanajua kwa sababu ya mimba. Hata kama alipima siku ya kwanza, atapima tena nyuma ya juma moja ao zaidi, sababu anajua kwamba tundu linaweza kuendelea kupanuka siku za mwanzo. Mu picha anaona fasi nyeusi katikati ya mushipa: njo pale nyuzi zimekatika. Anaandika ukubwa wake. Ile karatasi njo itaongoza kila kitu. Kuchechemea kwa farasi hakutaongoza, haraka ya mwenye farasi pia hapana.

Kisha kalenda inaanza. Farasi anatolewa inje na mutu aliyemushika kamba, anatembea dakika tano ao kumi kwa siku, juu ya njia ngumu na sawasawa. Juma linalofuata wanaongeza dakika tano. Juma lingine, tano tena. Hivyo mupaka atembee karibu saa nzima. Ni karibu na mwezi wa tatu wanamuruhusu kukimbia polepole, dakika chache tu. Mbio zaidi inangoja mwezi wa sita hivi. Kazi yote, mashindano yenyewe, ni nyuma ya miezi 9 mupaka 12, na wengine wanafika 18. Mbele ya kila ngazi wanapima tena na ekografi. Kama fasi nyeusi imekuwa kubwa, wanarudi ngazi moja chini, na hakuna mutu anayemukasirikia farasi.

Dakika tano kwa juma! Kati ya yote ambayo tumesoma juu ya farasi, hesabu hii njo ilitushinda. Mutu anayejua kungojea namna hiyo, tungemupa hata mugodi aongoze.

Kwa nini muda murefu hivyo? Sababu mwili hautengeneze mushipa sawa mutu anayeshona suruali. Kwanza unajaza tundu kwa haraka na nyuzi nyembamba za muda, zimelala ovyo, moja huku, moja kule, sawa majani makavu. Hizo zinafunga kidonda na maumivu yanaisha, lakini hazina nguvu. Kisha, kwa miezi mingi, mwili unaziondoa polepole na kuweka nyuzi nene, na kuzipanga zote upande mumoja, upande wa kuvuta. Na ni kuvutwa kidogo kidogo njo kunazipanga. Mushipa usiovutwa hata kidogo unabaki na kovu la ovyo. Mushipa unaovutwa sana mbele ya wakati unapasuka. Katikati ya hizo mbili kuko njia nyembamba, na farasi anaipita dakika tano kwa dakika tano.

Hata kisha kazi yote hiyo, kovu haliwe tena kamba ile ya kwanza. Linakuwa gumu, halivutike muzuri, njo maana mara mingi mushipa unaumia tena pembeni ya kovu, ao ni muguu wa pili unaoumia. Kwa farasi wa mashindano waliotunzwa kwa njia ya kawaida, utafiti mbalimbali ulikuta karibu nusu yao wakiumia tena. Na hao ni wale waliopumuzishwa. Kule Uingereza waganga walijaribu kuchukua mafuta ya ndani ya mufupa wa kifua wa farasi mwenyewe, kuzalisha chembe zake mu laboratwari, na kuzichoma ndani ya tundu la mushipa. Katika utafiti uliotoka mwaka 2012, juu ya farasi 141, wanaoumia tena walishuka mupaka karibu asilimia 27. Ni kazi ya ajabu. Lakini hata hao farasi walifuata kalenda ya karibu mwaka. Shindano haikuwapunguzia miezi.

Zamani Wazungu walikuwa na dawa ingine. Walichoma muguu wa farasi na chuma chenye moto, mistari mistari ao matundu matundu, juu ya mushipa mugonjwa. Walisema moto unaita damu mupya na unakaza ngozi. Ilifanyika karne na karne. Mwaka 1983, wachunguzi wa chuo kikuu cha Bristol walitoa matokeo yao: chuma cha moto hakiponye mushipa, kinaongeza kidonda tu. Sasa kwa nini watu wenye akili waliamini muda wote ule? Sababu farasi aliyechomwa alikuwa na vidonda, na haikuwezekana kumutumikisha kwa miezi mingi. Miezi njo ilimuponya, chuma kikachukua sifa.

Musomaji ameshaona fasi tunaenda. Kwetu kuko wembe. Mutu ameteguka muguu, anapelekwa kwa muzee, anachanjwa chale juu ya kifundo, anapakwa muti mweusi, anakandwa na maji ya moto. Hatutaki kuzarau wazee. Kuko wanaojua kufunga mufupa muzuri. Lakini wembe juu ya mushipa ni ndugu ya chuma cha moto. Kama muzee anakukataza kazi miezi mbili, utaendelea muzuri, na utasifu wembe. Kukanda kwa nguvu na maji ya moto siku za kwanza kunaongeza uvimbe. Na wembe uliopita kwa mutu mwingine unaleta magonjwa ambayo muti mweusi hauyaweze. Tunaomba muzee abakize katazo lake na aache wembe.

Tuseme kweli, leo hatari kubwa haiko kwa muzee. Iko kwa farmasi ya pembeni ya njia. Mutu anaumwa kisigino, anaingia, anaomba shindano ya diclo. Nyuma ya saa moja anatembea sawa kijana. "Kunapona, nitarudia siku ya kazi moja." Na kweli, siku ya kazi moja yuko shimoni. Diclo ni dawa nzuri kwa kazi yake, lakini haishone uzi hata moja. Ni sawa kutoa taa nyekundu kwenye motokari na kuacha mashini inaendelea kuungua. Shindano ya kortizoni karibu na mushipa wa kisigino ni mbaya zaidi, sababu inaondoa maumivu na inaweza kuregeza kamba yenyewe. Kuko waliosikia kisigino kinalia "pa!" nyuma yake.

Na kuko jambo moja ambalo mama wanapaswa kujua, sababu mara mingi ni wao wananunua dawa. Sipro, ile tunameza kwa tifoide, yeye na ndugu zake wa aina moja, zinaweza kuregeza hizi kamba mupaka zikatike. Mwaka 2008 ofisi ya Marekani inayosimamia dawa iliomba watengenezaji waandike onyo hilo ndani ya kisanduku cheusi, juu kabisa ya karatasi ya dawa. Hatari inazidi kwa mutu aliyepita miaka 60, na kwa ule anayechanganya na dawa za aina ya kortizoni, sawa vile dexa, ile wengine wanameza paka kwa kunenepa. Hatuseme: usimeze sipro. Tifoide inaua. Tunasema: mwambie munganga mbele kwamba kisigino ao bega linakuuma, achague mwenyewe.

Mutatuambia kwamba mutu haiko farasi. Kwa jambo hili, tofauti ni ndogo. Waganga wa watu wanatumia mushipa wa muguu wa mbele wa farasi kwa kujifunza mushipa wa kisigino cha mutu, sababu kazi yao ni moja: kuvutika, kurudia, kubeba uzito wa mwili wote. Namna ya kupona pia ni moja, na ujanja ni ule ule: maumivu yanatoka kwanza, nguvu inarudi nyuma. Anayebeba na kupanda anaumia kisigino. Anayetoboa mawe juu ya kichwa anaumia bega. Anayepiga nyundo anaumia kiwiko. Mushipa wa kisigino uliokatika, kama umeshonwa ao umefungwa mu plâtre, unaomba miezi 6 mupaka 12 mbele mutu abebe tena muzigo wake wa zamani. Kwa ule ambao haukukatika, umechoka tu na kunenepa, waganga wanatoa zoezi la kusimama juu ya vidole ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, kila siku, juma 12. Zoezi hilo haliombe mashini. Linaomba ngazi moja ya nyumba na subira.

Lakini kama ulisikia sawa mutu amekupiga jiwe nyuma ya muguu, ukageuka, hakuna mutu. Kama huwezi tena kusimama juu ya vidole vya muguu ule. Kama unalala kifudifudi, mutu anafinya nyama ya nyuma ya muguu, na unyayo hautikisike: hapo usipite kwa farmasi, usipite kwa muzee. Enda lupitalo siku ile ile.

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Kwa nini farasi anangojewa?

Haiko huruma, ao haiko huruma peke yake. Farasi wa mashindano anaweza kuuzwa kwa bei ya nyumba. Wengine, kwa bei ya mutaa muzima. Mwenye kumununua amepiga hesabu: mwaka mumoja wa majani, munganga, na kijana wa kumutembeza, ni bei ndogo kuliko farasi mupya. Na tusidanganyane: wengi hawangojewe. Ule ambaye hesabu yake haitoke, anauzwa ao anauawa. Lakini ule anayengojewa ana kitu kimoja ambacho mufanyakazi wetu hana. Siku ambayo hafanye kazi, majani yanakuja. Asubui na mangaribi. Hakuna mutu anayemuambia kwamba majani yamefungwa mupaka siku atakimbia.

Ukimuambia mufanyakazi wa siku, wa kampuni ya sous-traitance, kwamba mushipa unaomba miezi sita, unamuambia kwamba watoto wake wasikule bukari miezi sita. Mwili wake anaujua kuliko sisi. Hakose akili, anakosa majani. Njo maana hatupende yale mashauri ya ukutani, yenye picha nzuri, yanayosema "linda afya yako" na kuishia pale.

Kwa hiyo neno letu la kwanza haliende kwa mugonjwa. Linaenda kwa wenye kazi, na tutaisema kwa luga wanayoisikia muzuri, ya hesabu. Mutu aliyefundishwa miaka kumi kutoboa mawe, akirudishwa shimoni na mushipa wa juma tatu, atawapa siku chache za kazi kisha atawaachia bega lililokufa na fasi ya kumupa mupya ambaye hajue kitu. Farasi anayetoka chumbani moja kwa moja kwa mbio, kila mutu wa farasi anajua mwisho wake. Na cheti chetu cha munganga njo kinafanya vile: "repos" siku tano, kisha "apte", basi. Katikati ya kitanda na shimo kuko ngazi mingi. Kuna kulinda magazeni ya vyombo, kuandika motokari zinazoingia na zinazotoka, kunoa, kufundisha wapya. Tunaomba cheti chenye ngazi: mwezi wa kwanza kazi hii, mwezi wa tatu ile, asibebe zaidi ya kilo fulani, apimwe tena tarehe fulani. Na kazi nyepesi ilipwe sawa kazi. Kama inapunguza mushahara nusu, mutu ataficha kuchechemea kwake.

Sheria haikose. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamupa mwenye kazi muzigo wa matunzo ya mufanyakazi na ya jamaa yake, na sheria ya mwaka 2016 juu ya usalama wa jamii inaweka aksida ya kazi mukononi mwa CNSS. Lakini mushipa una ujanja wake: hautoe damu. Mutu anasikia kitu kinavutika begani saa ine ya asubui, anamaliza kazi kwa haya, anaenda nyumbani, usiku bega linawaka. Kesho yake kapita anasema: "Ulijiumiza kwako." Na hakuna karatasi. Tunarudilia kwa kila mutu wa kazi: ukisikia kitu kimevutika, sema pale pale, mbele ya wenzako, na uombe iandikwe, saa, fasi, na majina ya walioona. Ikionekana kesho kwamba haikuwa kitu, hakuna anayepoteza.

Kwa creuseurs hakuna kapita wa kuandika. Sheria ya migodi inawaomba wawe ndani ya kooperative. Basi kooperative iwe na kazi ingine kuliko kukata makuta juu ya kila mufuko. Na kama haitaki, kuko likelemba. Mama sokoni wanaicheza pasipo buku, na haipotee hata franka. Ekipe ya watu kumi wanaoshuka shimo moja wanaweza kuhesabu fungu la kumi na moja, la ule ambaye muguu umefungwa. Halitafika miezi sita ya unga, tunajua bei ya unga. Linaweza kufika miezi mbili, na miezi mbili ya mwanzo njo ile ambayo mushipa hausamehe. Mwenye kuumia asikae bure: achague mawe, asimame kwa mizani, alinde kamba ya kushukia. Farasi pia hatembee bure.

Nyumbani kuko shida ingine, na hiyo haiombe makuta. Mutu anatembea dakika kumi asubui kwenye avenue, polepole, anarudi, anakaa. Jirani wanamuona. "Ule bwana anatembea muzuri, sasa kazi haende juu ya nini?" Bibi anasikia kwenye bomba ya maji, anachoka kusikia, na nyuma ya mwezi mumoja yeye pia anauliza. Mwanaume anaona haya kuitwa muvivu kuliko anavyoogopa kuchechemea, na anarudi shimoni mwezi wa pili na kisigino cha mwezi wa sita. Wanaofanya kazi ya farasi wanajua pia hatari ingine: farasi aliyefungwa juma mingi, mulango ukifunguka, anaruka kwa furaha, na dakika moja ya furaha inaharibu miezi ine. Kwetu ile dakika inaitwa mupira wa siku ya yenga, wakati wanakosa mutu wa kumi na moja na wanakuja kukuita mulangoni. Farasi anatolewa na kamba. Sisi hatuna kamba, tuko na bibi. Amushike bwana suruali mupaka wale vijana wa mupira wapite.

Délégation syndicale zitakaa tena na wenye kazi, na kila mara meza inajaa maneno ya mushahara, ya posho, ya shule ya watoto. Yote ni ya haki. Tunaomba waongeze mambo matatu juu ya meza ile: cheti chenye ngazi, kazi nyepesi yenye mushahara muzima, na ekografi moja ya mushipa mbele mutu arudishwe kwa muzigo. Hiyo ya tatu njo rahisi kuliko zote. Lupitalo zinazopima mimba ziko na mashini tayari. Kinachobakia ni kichwa kinachofaa cha kupitisha juu ya ngozi na munganga aliyefundishwa kukitazama kisigino. Waanze na hiyo.